Wanaume Ukutani, Wanawake Dirishani

Bwana Mkao hakupewa jina hilo na wazazi wake. Sisi ndio tuliombatiza, kwa sababu kila baada ya hatua mbili alipaza sauti, "Mkao! Mkao!" na kila mtu, hata aliyekuwa ameketi, alijikuta amenyoosha mgongo. Alifundisha dansi ya wawili wawili katika ukumbi wa mtaa wetu, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni. Kila alipofungua somo alipiga makofi mara mbili, akasema maneno yaleyale:

"Wanaume ukutani, wanawake dirishani!"

Wanaume watano walikwenda ukutani. Wanawake kumi na watatu tulikwenda dirishani. Kisha wanaume wakavuka ukumbi, kila mmoja akachagua mtu wake, na wanawake wanane tuliobaki tukarudi kuketi kwenye benchi refu la mbao chini ya dirisha. Benchi hilo tuliliita Stendi, maana hapo ndipo tulipokaa na mikoba mapajani tukisubiri usafiri.

"Leo usafiri ni wa shida," wifi yangu alikuwa akisema, akijipepea kwa daftari langu.

"Subiri, litakuja moja."

"Likija limejaa, wifi! Na dereva wake ananuka jasho."

Daftari lilikuwa langu kwa sababu mimi niliingia ukumbini mapema kuliko wenzangu. Kabla ya dansi, katika ukumbi huohuo, nilisoma darasa la watu wazima. Nilishika kalamu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na mbili. Kabla ya hapo vipimo vya wateja wangu niliviweka kichwani, na vikizidi nilivifunga kwa mafundo kwenye uzi, fundo moja kwa kila inchi. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka thelathini na moja. Ni mjane wa miaka tisa, na wifi yangu, dada wa marehemu, ni mpishi wa shule. Anakoroga masufuria ambayo mtu anaweza kuogea ndani yake.

Aliyenipeleka kwenye dansi ni nesi wa zahanati. Alinipima mgongo akasema, "Mama, cherehani inakukunja kila siku kidogo kidogo. Tafuta kitu cha kukunjua." Nilimuuliza kitu gani, akanijibu kwamba yeye anacheza dansi Jumanne na Alhamisi. Nikamwambia mimi ni mtu wa sala. Akacheka. "Kwani sala inakataza miguu?"

Nilikwenda, nikamburuta wifi.

Ukikaa Stendi muda mrefu unaona miguu ya watu. Wanaume walipita mbele yetu wakirudi na kwenda, na mimi, badala ya kutazama hatua za wanawake nilizopaswa kujifunza, nilijikuta natazama zao. Niliona jinsi anayeongoza anavyohamisha uzito wake kabla ya mguu kuondoka, ili mwenzake ajue pa kwenda bila kuambiwa. Niliona wanaokosea. Seremala aliwavuta wanawake kwa mikono kama anavuta mbao. Dereva wa lori, mtu wa miraba minne, aliongoza kwa kuhema, na kila wimbo ulipoisha aliomba radhi. Baada ya miezi miwili nilizijua hatua za upande wa ukuta kuliko wenyewe walivyozijua. Nilizifanya nikiwa nimeketi, chini ya benchi, kwa vidole vya miguu.

Nilitaka kuongoza. Nilipojikubalia hivyo niliogopa, nikapeleka jambo hilo mahali ninapopeleka mambo yote. Kila alfajiri huwa napiga magoti kati ya kitanda na cherehani. Nafasi iliyopo inatosha magoti mawili tu. Nikasema, "Mungu wangu, kama hiki ni kiburi, kiondoe. Kama si kiburi, basi niondolee woga." Niliomba hivyo asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nikaona kilichoondoka ni woga.

Jumapili mchana nilimwita wifi kwenye kibanda changu cha kushonea. Nilisogeza meza ya kukatia nguo hadi ukutani.

"Nipe mkono wa kulia," nikamwambia.

"Unataka kunipima?"

"Nataka kukuongoza."

Alinitazama, kisha akatazama mlango, kisha akaufunga. "Wifi, watu watasema."

"Watasema mchana, usiku watalala."

Niliweka kiganja changu chini ya bega lake, kama nilivyoona. Tulipiga hatua ya kwanza, akanikanyaga. Ya pili, akanisukuma hadi kwenye cherehani.

"Wifi, mimi ndiye ninayeongoza!"

"Si unachelewa! Mimi jikoni nikisubiri kuambiwa, chakula kimeshaungua."

"Hapa hakuna sufuria. Subiri mkono wangu ukuambie."

"Mkono wako hauna sauti."

Alikuwa sahihi. Mkono wangu ulikuwa unaomba ruhusa. Nikavuta pumzi, nikahamisha uzito wangu wote kwenye mguu wa kushoto, nikamtaka aje, naye akaja. Tulivuka kibanda kizima, hatua sita, kwa sababu kibanda kina hatua sita tu. Mwisho wake wifi hakuniachia mkono. "Rudia," akasema, na safari hii hakucheka.

Muhula ulikuwa umebakiza wiki tatu. Ungeisha kwa onyesho la Jumamosi mbele ya jamaa na majirani, na kila atakayecheza angepewa cheti chenye jina lake. Sijawahi kupewa cheti cha kitu chochote. Nilishika ufundi kwa mama mmoja aliyeniambia siku ya mwisho, "Haya, umejua, nenda," na hicho ndicho kilikuwa cheti. Nilikitaka hiki cha dansi kwa namna ambayo naona aibu kuieleza. Nilitaka kukitundika juu ya cherehani. Lakini nilitaka kukipata kwa kuongoza.

Jumanne nilimfuata Bwana Mkao kabla hajapiga makofi.

"Mwalimu, leo naomba nisimame ukutani."

"Ukutani kuna nini, mama?"

"Kuna wanaoongoza."

"Kuna wanaume."

"Ni watano, mwalimu. Sisi wanane tunakaa. Mimi nikiongoza, na mwenzangu mwingine akiongoza, Stendi inapungua."

Bwana Mkao alikuwa mtu safi, shati lake daima limepigwa pasi hadi mshipi, na hakuwa mkorofi. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. "Mama yangu, dansi ina mwanamume na mwanamke. Ukiondoa hilo unabaki na mazoezi ya viungo."

"Mwalimu, na mimi nina ombi," ilikuja sauti nzito nyuma yangu. Alikuwa dereva wa lori, ameshika viatu vyake vya dansi mkononi. "Mimi nataka kwenda dirishani."

Ukumbi ulicheka. Seremala akapiga mluzi. "Dereva, utavaa na gauni?"

"Nitavaa hii suruali yangu," dereva akasema bila kuona haya. "Jamani, mimi kutwa nzima nimeshika usukani. Kona ni mimi, breki ni mimi, lawama ni mimi. Jioni na mimi nataka kupelekwa. Ni dhambi?"

"Si dhambi," nikasema, na nikajishangaa kwa jinsi nilivyosema kwa sauti.

Bwana Mkao alipangusa kipaji cha uso. "Nitawatambuaje? Nikisema 'wanaoongoza mguu wa kushoto', nitajuaje ni nani? Huu ukumbi utakuwa soko."

"Nitawashonea vitambaa vya mkononi," nikasema. "Rangi moja ya anayeongoza, rangi nyingine ya anayefuata. Kila mtu achague mlangoni. Utatazama mikono, hutatazama nyuso."

Alifikiri. Labda aliona hakuna ubaya, labda alitaka tu kuanza somo. "Alhamisi," akasema. "Mara moja. Mkivuruga, basi, tunarudi kwenye utaratibu na sitaki kusikia tena."

Nilishona Jumatano nzima. Nilichagua rangi kwa akili: nilikataa bluu na waridi, kwa sababu nilijua kila mtu angekimbilia rangi aliyovalishwa siku ya kuzaliwa. Nikachukua kijani cha kuongoza na njano ya kufuata. Nilikata vipande kumi na vinane vya kijani na kumi na vinane vya njano, ili mtu yeyote achague chochote na visiishe. Nilitia lastiki ndani, nikafunga kwa mshono wa zigizaga, nikakata nyuzi zote. Vilikuwa vizuri. Nilivipanga kwenye kikapu kama mikate, nikashukuru.

Alhamisi niliweka kikapu juu ya kiti mlangoni. Nesi alikuwa wa kwanza. Alisimama, akatazama rangi mbili, akachukua kijani, akakivaa. Alipoinua mkono kunionyesha, kitambaa kilimteremka hadi kwenye kiwiko. Aliposhusha mkono, kilianguka sakafuni. Akakivaa tena, kikaanguka tena.

Nyuma yake dereva alichukua cha njano. Vidole vinne vilipita. Kiganja kikagoma. Alisukuma, akakunja uso, akasukuma, na mshono wangu ukakatika kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Seremala alichukua cha kijani, na kwake kiliingia kama kimezaliwa naye. Wifi alichukua cha njano, kikamkaa sawasawa.

Bwana Mkao alikuja akaokota kitambaa cha nesi. Akakiweka juu ya kile cha dereva kilichokatika. Kimoja kilikuwa kikubwa, kimoja kidogo.

"Mnaona?" akasema, si kwa kejeli, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Hata kitambaa kinajua mwenyewe ni nani."

Watu walicheka hadi seremala akalazimika kuketi. Mimi nilisimama na kikapu, na masikio yanawaka moto. Nilikuwa nimeshona saizi mbili. Hakuna aliyeniambia nishone saizi mbili, na mimi mwenyewe sikujiambia. Miaka thelathini na moja nimekata mkono wa mwanamume inchi tisa na mkono wa mwanamke inchi sita na nusu, na nilipokata cha anayeongoza mikono yangu ilikata inchi tisa, na nilipokata cha anayefuata ilikata sita na nusu. Mdomo wangu ulikuwa umedai uchaguzi, na mkasi wangu ulikuwa umeshaamua. Kile nilichokikataa ndicho nilichokuwa nimekishona, kwa mshono wa zigizaga, mara thelathini na sita.

"Wanaume ukutani," Bwana Mkao akasema, akapiga makofi. "Wanawake dirishani."

Nilikwenda dirishani. Nilikaa Stendi muda wote na sikucheza hata wimbo mmoja. Dereva alipita mbele yangu akiongoza kwa kuhema, akanong'ona, "Pole, fundi. Mkono wangu huu hata saa hauivai." Nilitamani aache kunihurumia.

Alfajiri iliyofuata sikupiga magoti. Niliketi kitandani, nikamwambia Mungu kama mtu anavyomwambia jirani, "Umeona walivyonicheka. Na Wewe ulikuwa unanitazama Jumatano nzima nakata, mbona hukunisimamisha?" Kisha nikasikia aibu, kwa sababu nilijua kwamba nisingesikiliza. Nilikuwa najipongeza. Nikashuka nikapiga magoti, nikaomba kitu kimoja: nisiache. Sikuomba Bwana Mkao abadilike. Huyo nilimwachia Muumba wake.

Kisha nikachukua wembe nikaanza kufumua.

Niliwaita nesi na dereva kibandani, pamoja na wifi. Safari hii nilipima watu. Nilipima mkono wa nesi, mwembamba kama wa msichana wa shule. Nilipima wa dereva, na futi yangu ikazunguka hadi karibu inchi kumi.

"Sasa utashona saizi ngapi?" wifi akauliza. "Saizi ya kila mtu?"

"Mtu akibadili mawazo katikati ya somo?"

"Abadili mkono?" wifi akacheka. Lakini nesi hakucheka.

"Mimi ningependa hivyo," nesi akasema taratibu. "Nianze kwa kuongoza, nikichoka nifuate. Kwa nini nichague mara moja kama ninaolewa?"

Ndipo nikaona. Nikakata vitambaa virefu, vyote urefu mmoja, bila lastiki. Upande mmoja kijani, upande wa pili njano, nimeunganisha mgongo kwa mgongo. Unakifunga mwenyewe, mkono wowote, unene wowote. Ukitaka kubadili, unakifungua unakigeuza. Dereva alikifunga kwa mkono mmoja na meno, kama anafunga turubai la lori. Kikamkaa. Alikitazama, akageuza mkono huku na huku.

"Hiki ni changu?" akauliza.

"Ni cha yeyote."

"Basi leo ni changu."

Kilichobaki ni ruhusa, na ruhusa sikwenda kuitafuta. Bwana Mkao alishasema hataki kusikia tena. Mimi niliamua kwamba hatasikia, ataona. Kwa wiki mbili nilikwenda dirishani kila alipopiga makofi, na kila Jumapili mimi na wifi tulivuka kibanda hatua sita kwenda, hatua sita kurudi.

Jumamosi ya onyesho ukumbi ulijaa kufikia saa tisa alasiri. Viti vya plastiki vilipangwa pande tatu. Karani wa ukumbi, mwanamke wa miwani na muhuri, alikaa kwenye meza karibu na mlango, mbele yake vyeti vimerundikwa vimewekewa glasi juu ili upepo usivichukue. Wanawake wawili wa kikundi changu cha sala walikuja wakakaa mstari wa mbele. Sikuwa nimewaalika. Niliweka kikapu changu juu ya kiti mlangoni, na sikumwambia mtu neno.

Bwana Mkao alikiona. Alinisogelea haraka, akanichukua pembeni, karibu na meza ya karani. Aliinua glasi akatoa cheti kimoja.

"Soma," akasema.

Nilisoma. Yalikuwa majina yangu yote matatu, kwa wino mweusi, kwa mwandiko uliolala vizuri. Sikuwahi kuliona jina langu kwenye karatasi ngumu. Nilisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza herufi zilicheza.

"Nimekiandika kwa mkono wangu," akasema. "Mama, nakuheshimu. Cheza upande wako dakika tatu tu, kisha uje uchukue. Usiniaibishe mbele ya watu."

Nakiri nilinyoosha mkono. Vidole viwili viligusa karatasi. Kisha nikaurudisha mkono.

"Kaa nacho kwanza, mwalimu."

"Nikikaa nacho, nakaa nacho moja kwa moja."

"Nimesikia."

Alikwenda katikati, akawakaribisha wageni, akapiga makofi mara mbili. "Wanaume ukutani, wanawake dirishani!"

Nilitoa kitambaa mfukoni, nikakifunga, kijani nje. Nikavuka ukumbi wote mbele ya wale watu na viti vyao, nikasimama ukutani, kati ya seremala na mzee mmoja mstaafu wa posta.

"Mama," Bwana Mkao akasema, akitabasamu kwa ajili ya wageni, "nimesema wanaume."

"Nimekusikia vizuri, mwalimu."

Mtu mmoja alicheka kwenye viti, akanyamaza. Seremala alinisogeza kwa kiwiko. "We mama, utatuvunjia shughuli."

"Songa kidogo," nikamwambia. "Nakosa nafasi ya mguu."

Hapo dereva wa lori aliondoka ukutani. Alikuwa ameshajifunga, njano nje. Alitembea taratibu, sakafu nzima ikisikia viatu vyake, akaenda kusimama dirishani kati ya wanawake, mikono nyuma, kifua mbele, mkao ambao Bwana Mkao mwenyewe asingeutia kasoro. Nesi alikuja upande wangu na kijani chake. Hakuna mwingine. Wengine wote walibaki walipozoea, wakiangalia chini. Tulikuwa watatu, na wifi wa nne, amesimama dirishani akinisubiri na macho kama ya mtu aliye juu ya ngazi.

Muziki ulianza. Nilivuka, nikamchukua wifi, nikaweka kiganja chini ya bega lake. Tulipiga hatua nne. Kisha muziki ukakatika. Bwana Mkao alikuwa amesimama kando ya spika, mkono kwenye swichi.

"Tutaanza upya," akasema, "kila mtu akirudi mahali pake."

Wawili wawili wote walisimama. Mimi sikusimama. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshaondoka, na uzito ulikuwa umeshahama.

"Moja, mbili, tatu, tulia," nikasema kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, tulia."

"Wifi," mwenzangu akanong'ona, "hakuna muziki."

"Upo. Moja, mbili, tatu."

Akafuata. Tulipita mbele ya viti vya mbele, mbele ya wenzangu wa sala. Mmoja aliinuka akachukua mkoba wake akatoka, na mimi nilihesabu tatu, nikatulia, nikamgeuza wifi. Kwenye kona nilikosea. Nilikuwa nimezoea kibanda cha hatua sita, na ukumbi una ishirini, nikawa sijui pa kugeukia. Karibu nimtupe wifi kwenye mapaja ya wageni. "Breki!" akanong'ona, na nikashika breki, tukageuka, na watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Nyuma yangu nikasikia sauti ya nesi, "Moja, mbili, tatu," na pumzi nzito za dereva akifuata. Hakuomba radhi hata mara moja.

Tulizunguka mara tatu. Nilihesabu hadi mwisho, nikamwachia wifi mkono, nikainamisha kichwa kama wanavyofanya. Waliopiga makofi walikuwa wachache, kama nusu. Nusu nyingine walikuwa wanamtazama Bwana Mkao wajue wafanyeje.

Aliwasha muziki, onyesho likaendelea, na sisi wanne tukakaa Stendi. Mwishoni akaita majina. Wifi aliitwa. Aligoma kuinuka.

"Nenda," nikamwambia. "Umecheza upande uliouchagua. Hicho ni chako."

"Na wewe?"

"Nenda, wifi, watu wanasubiri."

Alikwenda, akakipokea kwa mikono miwili. Mimi, nesi na dereva hatukuitwa. Nilikaa mgongo umenyooka. Sitasema haikuniuma. Iliuma kama sindano inapoingia chini ya kucha, na nimeshaingiwa mara nyingi, najua inavyouma, na najua kwamba fundi haachi kushona.

Wageni walipoanza kutoka, Bwana Mkao alinifuata. Alikuwa amelegeza kola ya shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Umefurahi?" akauliza.

"Sijafurahi. Nimeongoza."

Alikaa kwenye benchi letu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa hapo. "Mimi sijawahi kufuata," akasema, akitazama viatu vyake. "Tangu kijana nimefundishwa upande mmoja. Mwanamume akija kwangu anataka kufuata, nitamfundisha nini? Ningesimama pale mbele ya watu sijui."

"Ungeuliza, mwalimu. Kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza herufi 'a' nikiwa na miaka hamsini na mbili, na aliyenifundisha ana umri wa binti yangu."

"Hilo ni tofauti."

"Tofauti yake ni kwamba mimi niliuliza."

Kisha akainuka, akarudi kuwa yeye. "Muhula ujao anza upande wako, mama. Cheti chako nitakitunza."

"Nitakuja muhula ujao," nikasema. "Kuhusu upande, usijisumbue."

Nilikwenda kwenye meza ya karani. Fomu za kujiandikisha muhula mpya zilikuwa tayari, na nyuma yangu watu walishaanza kupanga mstari. Nilichukua moja, nikakaa kwenye kona ya meza nikaanza kuisoma taratibu, kama ninavyosoma kila kitu. Jina. Umri. Kazi. Mwanamume, mwanamke, weka alama. Niliweka alama kwenye mwanamke, kwa sababu ni kweli, na sijawahi kuionea haya. Chini ya hapo palikuwa na nafasi tupu, kisha mahali pa kusaini. Kwenye ile nafasi nikachora mstari kwa rula ya karani. Juu ya mstari nikaandika, herufi moja moja, bila kuharakisha: *Kwenye dansi naongoza / nafuata / vyote viwili.* Nikazungushia la kwanza. Nikasaini, nikampa.

Karani alishusha miwani. "Mama, fomu haina sehemu hii."

"Haikuwa nayo."

Alitazama upande aliposimama Bwana Mkao, akikunja waya wa spika. Bwana Mkao alikuwa anatuona. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi sikusogea. Niliweka mikono yote miwili juu ya meza yake, kitambaa changu bado kimefungwa, na nilikuwa tayari kukaa hapo hadi wafunge ukumbi na mimi ndani.

Karani akahema. Akafungua pedi ya wino, akagonga muhuri chini ya mstari wangu.

"Anayefuata," akaita.

Nesi alipitisha mkono juu ya bega langu. "Fundi," akasema, "niachie hiyo kalamu. Na rula."